Msimu wa Majongoo Safi

2 Machi

Nimerudi kazini leo baada ya miezi minane ya kuuguza goti. Daftari hili nimepewa na mume wangu. "Andika humo," alisema, "maana ukirudi kwenye maabara yako utakuwa na mengi ya kulalamika, na masikio yangu ni mawili tu."

Amesema kweli. Nimeikuta maabara haitazamiki. Mizani ina vumbi, chupa za vioo zimelala kwenye sinki pamoja na makapi ya chai, na juu ya kiti changu kuna koti jeupe ambalo weupe wake umebaki hadithi. Mwenye koti ni mwanafunzi wa Profesa, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, anayesomea shahada ya juu kabisa na kuchana nywele kumemshinda. Nimempa jina: Mchafukoge. Najua wanafunzi nao wananiita Mama Sabuni tangu zamani. Sijali. Sabuni haijamuua mtu.

Lakini haki yake nimpe. Mwaka jana, nikiwa kitandani, yeye ndiye aliyepata ile dawa. Profesa amenieleza huku macho yanamng'aa, na mama yule si mtu wa kung'aa ovyo. Kutoka kwa jongoo bahari, yule mnyama laini anayelala chini ya maji kama soksi iliyojaa mchanga, wametoa kitu kilichopunguza uvimbe wa panya kwa nusu nzima. Kipimo chetu ni kilekile: panya anachomwa sindano ya kuvimbisha unyayo, kisha kila saa unyayo unachovywa kwenye bomba dogo la maji na tunasoma maji yamepanda kiasi gani. Panya wengine wamepewa dawa, wengine maji ya chumvi, na anayepima hajui nani kapewa nini mpaka bahasha ya namba ifunguliwe mwishoni.

Mwaka huu tunarudia yote kwa majongoo wapya. Matokeo yakilingana, yanachapishwa na Mchafukoge anapata shahada. Yeye atapima, Profesa atashika bahasha. Kuandaa majongoo ni kazi yangu.

4 Machi

Mvua imeanza. Mtaro wa nyuma ya maabara umeziba, kama kila mwaka.

6 Machi

Mume wangu ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na moja, na sasa vidole vyake havimtii. Asubuhi viungo vyote vinakuwa vimevimba na vina joto. Hospitali wanaita baridi yabisi. Vidonge walivyompa vinatuliza vidole na kuchoma tumbo. Leo imemchukua dakika ishirini kutunga uzi kwenye sindano, na hakukubali nimsaidie.

"Jongoo wako hajambo?" ananiuliza kila jioni, utadhani anamuulizia shemeji yake.

Namwambia dawa ya panya bado si dawa ya watu, katikati kuna miaka. "Sawa, mke wangu," anasema. Kesho yake anauliza tena.

9 Machi

Pipa la kwanza limefika, majongoo ishirini na wanne. Wachafu jamani! Mchanga, mwani, na ute unaonata vidoleni kama gundi. Wawili walinitapikia matumbo yao yote mikononi, ndivyo wanavyofanya wakikasirika. Sikuwalaumu.

Hata samaki wa kula namwosha maji matatu, seuze mnyama wa kutoa dawa. Nimewasugua mmoja mmoja kwa brashi, nikawaloweka kwenye beseni la maji baridi kutwa nzima, nikawasugua tena. Maji yalitoa povu zito kama la kufulia, na sikutia hata tone la sabuni. Huo ndio uchafu ambao mwaka jana uliingia kwenye dawa! Kwa kuwa mtaro umeziba, nilimwaga beseni uani, mvua ikalibeba povu.

Majongoo walipolala kwenye sinia walikuwa safi mpaka nikamwita Profesa aje kuona. Alisema, "Mama, kweli umerudi." Nilifurahi siku nzima.

10 Machi

Samaki wote wa kidimbwi cha uani wamekufa. Wale wadogo wekundu. Mtunza bustani amewapanga juu ya jani la mgomba, anasema mvua imeleta dawa ya kuua magugu kutoka kwa jirani. Nikampa pole.

13 Machi

Mchafukoge amemwaga spiriti mezani, akaifuta kwa mkono wa koti. Nimeondoka chumbani nisije nikatenda dhambi.

19 Machi

Jaribio la kwanza. Bahasha imefunguliwa saa kumi. Panya wa dawa wamevimba sawasawa na panya wa maji ya chumvi. Hakuna tofauti hata ya kusingizia.

Profesa akasema, "Turudie." Mchafukoge alikuwa anaangalia karatasi kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akaambiwa si yeye.

20 Machi

Mvua.

21 Machi

Mvua. Goti.

6 Aprili

Pipa la pili. Safari hii nimesema hapatakuwa na la kusingizia, nikaosha mara nne na kuwaloweka tangu asubuhi hadi saa ya kufunga. Maji nikamwaga palepale uani, maana mtaro ni uleule na mafundi wake ni walewale.

7 Aprili

Mtunza bustani alikuwa ameleta samaki wapya wiki mbili zilizopita. Wamekufa wote. Anasema kuna mtu ana chuki naye. Mtu mzima, machozi yanamlengalenga kwa ajili ya samaki wasiotosha kijiko.

16 Aprili

Jaribio la pili. Hakuna kitu.

Mchafukoge alibaki amekaa na panya wa mwisho mkononi, anampapasa kichwa kwa kidole gumba. Mume wangu aliponiuliza habari za jongoo, nilimjibu vibaya. Nimejuta.

21 Aprili

Leo nina mengi.

Minong'ono ilianza wiki iliyopita pale kwenye birika la chai: matokeo ya mwaka jana yalipikwa. Mwaka jana alikuwa peke yake, mimi kitandani, Profesa safarini. Aliandaa yeye, akapima yeye, na bahasha akashika yeye. Nani wa kumshuhudia? Nami, Mungu anisamehe, sikunyamaza. Nilisema mtu asiyeweza kuosha kikombe ataweza vipi kuandika namba ya kweli. Watu wakacheka. Ulimi hauna mfupa.

Mchana Profesa akaniita ofisini akafunga mlango. Alionekana hajalala. Mbele yake palikuwa na barua ya kupeleka kwenye kamati ya chuo.

"Mama, wewe umekaa hapa kuliko sisi wote. Majongoo wa mwaka huu wameandaliwa sawasawa?"

"Kuliko wakati wowote, Profesa. Wewe mwenyewe uliwaona."

"Niliwaona." Akajikuna paji la uso. "Basi tatizo liko mwaka jana. Nahitaji mtu wa kuandika alivyoikuta maabara. Ukweli mtupu, usiongeze chumvi."

Nikaandika. Vumbi kwenye mizani, chupa chafu, spiriti, mkono wa koti. Kila neno lilikuwa kweli. Chini akaongeza sentensi moja, kwamba kwa maoni yangu kazi ya mwaka jana haiaminiki. Akanisogezea kalamu.

"Akionekana amedanganya atafanywa nini?" nikauliza.

"Atafukuzwa. Na hakuna chuo kingine kitakachompokea."

"Profesa, wewe unaamini alidanganya?"

Aliitazama barua. "Miaka mitano nimemfundisha," akasema. "Siwezi kupima kwa moyo, Mama. Nina namba tu."

Nimetia sahihi.

22 Aprili

Mvua kutwa.

27 Aprili

Mchafukoge amenikuta kwenye vizimba. Hajui habari ya sahihi yangu. Ana barua ya kuitwa kamatini tarehe kumi na tano.

"Mama, nisaidie kufikiri," akaniambia. "Mwaka huu tumefanya kila kitu kama mwaka jana?"

"Kila kitu," nikasema. "Tena kwa usafi zaidi."

"Nashukuru," akasema. "Mimi uchafu najua ni ugonjwa wangu."

Nimegundua jambo. Kila Jumapili kuna mtu hubadilisha matandiko ya panya, nami siku zote nilidhani ni mlinzi. Kumbe ni yeye. Anakuja kwa miguu na mvua yake.

2 Mei

Jumamosi. Amekuja nyumbani! Nilipofungua mlango nikamkuta amelowa, mkononi ana kipande cha mpira wa bomba. Nilikuwa nimewahi kumsimulia habari za vidole vya mume wangu, nikasahau. Yeye hakusahau.

"Shikamoo, Baba. Naomba nione mkasi wako."

Akakata mpira, akauvisha kwenye mishikio ya mkasi mpaka ikawa minene, mtu anaweza kuishika kwa kiganja kizima bila kukunja vidole. Kisha akafanya hivyohivyo kwenye mpini wa cherehani. Mpira ulikatwa upande, gundi ikamwagika mezani pangu, na nikanyamaza.

Mume wangu akakata kitambaa, mkato mmoja mrefu, ulionyooka. Mwezi wa tatu sasa hajaweza kufanya hivyo. Akasema, "Kijana, hawa jongoo wakikushinda, njoo uwe fundi." Mchafukoge akacheka, halafu uso ukamvunjika, akaenda kusimama dirishani kutazama mvua.

Alipoondoka mume wangu akaniuliza, "Ndiye huyu uliyemwandikia barua ya kamati?"

Sikula.

4 Mei

Naandika nikiwa bado maabara.

Profesa aliagiza pipa la tatu, jaribio la mwisho kabla ya kamati, ili mtu asiseme kijana hakupewa nafasi. Niliwasugua kumi na mbili, nikawaloweka kama kawaida. Kumi na mbili wengine niliwaacha hai kwenye pipa la maji ya bahari kwa kuwa goti lilinishika. Jioni nikatoka na beseni. Mtunza bustani alikuwa amesimama mbele ya kidimbwi chake, mikono kiunoni.

"Mama, usimwage hapo. Nina samaki wapya."

"Haya ni maji ya kuoshea tu. Sabuni hamna."

"Sikukatazi kwa ubaya. Ila kila ukimwaga beseni lako, mimi nazika."

Nikapandwa na hasira. Mimi kuambiwa maji yangu machafu! "Lete samaki mmoja," nikasema, "tumtie humu, ujionee."

Alikataa. Nikachota mwenyewe kwa mkono. Samaki akaogelea kuuzunguka ukuta wa beseni mara mbili, akalala ubavu, akageuka tumbo juu. Hata chai isingepoa.

Tukatazamana. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kubishana, nikaufunga. Maji ya bomba, majongoo na brashi, basi. Kilichomuua kimetoka mwilini mwa majongoo. Kimo ndani ya maji, nami tangu Machi nakimwaga uani.

Nikaingia ndani nikafungua daftari hili. Tarehe tisa niliosha, tarehe kumi samaki wakafa. Tarehe sita niliosha, tarehe saba wakafa. Na povu nililiandika mwenyewe, kwa majivuno! Kisha nikafungua daftari la maabara la mwaka jana, lenye mwandiko kama kuku amepita: "Nimekung'uta mchanga. Sijaosha, ute unateleza mno. Nimekata pamoja na ngozi na ute wake." Kila kitu kimeandikwa, hata alipojikata kidole. Halafu daftari la mwaka huu, mwandiko wangu mzuri: "Majongoo wameandaliwa." Neno la kuosha halimo. Nani anaandika kwamba ameosha? Kwangu kuosha si kazi, ni kama kuvuta pumzi.

Kumbe dawa ilikuwa kwenye ute. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyeimwaga dawa yake, na mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba hakuwa nayo.

5 Mei

Nilimngoja Profesa mlangoni, beseni mkononi, limefunikwa kwa sinia. Nikamweleza yote nimesimama. Alisikiliza, akasoma madaftari mawili ya maabara, akayafunga.

"Kamati itasema umebuni hadithi kumwonea huruma," akasema. "Daftari la kazi halisemi uliosha. Utathibitishaje uliosha lini, na maji ulimwaga wapi?"

Nikasema ninalo daftari jingine.

"La nini?"

"La nyumbani. La mambo yangu."

Akaelewa. "Wataomba kulisoma, Mama. Si kurasa mbili. Lote."

Nikasema ninajua. Sikujua.

11 Mei

Nimefikiria kunakili upya, niondoe jina lile na yale ya kwenye chai. Mume wangu alinikuta nimefungua daftari jipya. "Ukishona upya vazi la ushahidi," akasema, "limekuwa vazi jingine." Nikalifunga. Nimekaa na aibu yangu, inanitosha.

15 Mei

Kamati ni watu watatu, meza ndefu, madirisha yamefungwa kwa mvua. Mchafukoge alikaa pembeni amechana nywele. Hilo ndilo lililonimaliza, zile nywele. Alikuwa amezipaka maji zikalala upande mmoja kama za mtoto anayepelekwa kupigwa picha.

Nikasema niliosha, bila kuandika, bila kuagizwa. Nikasema samaki. Nikasema naiondoa sahihi yangu. Mwenyekiti, mzee mpole mwenye miwani, akaomba daftari. Nilidhani atalisoma kimoyomoyo. Akasema kila ushahidi husomwa kwa sauti, wote wausikie, na kijana pale naye ana haki ya kusikia.

Akaanza tarehe mbili Machi. Akasoma koti ambalo weupe wake umebaki hadithi. Akasoma Mchafukoge. Akasita, akaniangalia juu ya miwani. Nikasema, "Endelea tu, Mzee." Akasoma spiriti. Akasoma mtu asiyeweza kuosha kikombe. Yale maneno yalikuwa ya kuchekesha nilipoyaandika, naapa, na pale hakuna aliyecheka. Akasoma mume wangu na vidole vyake, mambo ya ndani ya nyumba yangu, mbele ya watu wasionijua. Akasoma Jumapili za panya. Akasoma mkasi. Alipofika "Sikula" sauti yake ikapungua.

Sikuthubutu kumtazama kijana. Nilitazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na kamba ya rangi nyingine.

Kamati imetoa wiki mbili. Majongoo kumi na mbili waliobaki kwenye pipa waandaliwe bila kuoshwa, na Profesa apime mwenyewe. Bahasha atashika mwenyekiti.

16 Mei

Kijana amewakata majongoo mwenyewe. Ute ulimfika viwikoni. Mimi nilikaa kwenye kiti nikaandika kila alichofanya, hata alipopiga chafya.

24 Mei

Mvua imepungua. Mume wangu amemaliza suruali, ya kwanza tangu mwaka uanze.

28 Mei

Bahasha imefunguliwa. Panya wa dawa wamevimba nusu ya wenzao. Nusu, kama mwaka jana, karibu sawa kwa sawa. Profesa alisoma namba mara ya pili, akavua miwani, akatoka nje.

Tena kuna jingine, naliandika kwa sababu sasa naandika kila kitu. Dawa ileile ikidondoshewa damu kwenye kioo, inapasua chembe za damu. Kilichoua samaki hakijaenda kokote. Kukitenganisha kinachotuliza na kinachoua kutachukua miaka, na huenda kisitengane. Nilimweleza mume wangu hivyohivyo, bila kupunguza. Niliona ameumia, alikuwa anatumaini kuliko alivyojionyesha. Kisha akasema, "Basi nitatumia mkasi wangu," na akaniomba nimtungie uzi. Ni mara ya kwanza kuniomba.

29 Mei

Kijana amerudishiwa jina lake. Barua ya kamati imesomwa asubuhi, ya mistari minne.

Nilimkuta chumba cha panya, anabadilisha matandiko. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana, yakanipotea yote. Nikasema tu, "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

Akaendelea kusambaza maranda kwenye kizimba, polepole, mpaka pembeni.

"Yale majina hayakuniuma, Mama," akasema. "Mimi najijua nilivyo."

"Lakini?"

"Lakini kwenye Aprili nilianza kuwaamini waliosema nimepika namba. Nilikaa na daftari langu la mwaka jana, nikawa nasoma namba zangu mwenyewe, mwandiko wangu mwenyewe, na sikukumbuka tena kama niliziona au nilizitamani. Nikajisemea huenda kweli nilidanganya, ila sijui. Ningekubali mbele ya kamati. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukiri."

Akaitoa mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nne, imechafuka pembe zote. Ilikuwa na sahihi yake. Ilikuwa na tarehe kumi na tano Mei, siku ya kamati.